Mara 1200 ya ku katoni

Bandugu wa lisansi, na mweye wadogo mungali mu masomo, kuna namba moja minaomba tuiseme wazi mbele mutu hajatoa dola zake: 1200. Iko ku katoni ya mikroskopi za plastiki zinazoingiaka mu mji pamoja na vitu vya kuchezea vya watoto. Imeandikwa kubwa kuliko jina la kiwanda. Na kila mara mutu wa kwetu akiniandikia juu anataka mikroskopi ya kwake, si ya kazi, ya furaha tu, ya siku ya Yenga nyumbani, ulizo lake la kwanza linakuwaka lile lile: inakuza mara ngapi?

Ulizo hilo njo mutego. Nitapima vyombo vya bei yetu na kitu kimoja ambacho kila nyumba ya Lubumbashi iko nacho: bunga ya bukari.

Twaa bunga kidogo sana ya mahindi ku ncha ya kisu, weka juu ya kioo na tone la maji. Ku kioo kingine weka bunga ya muhogo vilevile. Chembe ya wanga ya mahindi iko na pembe-pembe, sawa jiwe lililopasuliwa. Ya muhogo ni ya mviringo, na nyingi zimekatwa upande mmoja sawa kengele. Zote ni ndogo: mingi ziko karibu na mikroni 10 ao 20, na mikroni 1000 njo inafanya milimita moja. Tone la yodi, ile ya farmasi, likiingia, chembe zinageuka bluu. Ukizidisha dawa zinakuwa nyeusi na hauoni kitu tena. Chombo kikikuonyesha tofauti ya pembe na kengele, kinaona. Kikionyesha mawingu ya kijivu, namba ya ku katoni ni mapambo.

Sasa, juu ya nini mara 1200 inaweza kuonyesha mawingu? Kila mutu hapa ameishaka kupokea foto ya WhatsApp ambayo imetumwa, ikatumwa tena, mupaka sura za watu zimekuwa mavi ya rangi. Fungua foto hiyo, ivute na vidole viwili. Inakuwa kubwa, lakini hakuna jicho wala pua inayotokea zaidi. Mikroskopi mbaya inafanya kazi ileile. Kukuza ni kitu kimoja, kutenganisha ni kitu kingine. Mjerumani Ernst Abbe aliandika jambo hili mu 1873: umbali mdogo kabisa ambao lenzi inaweza kutenganisha unatoka ku rangi ya mwangaza na ku upana wa mwangaza ambao lenzi inaweza kukusanya. Namba ya upana huo imechongwa ku objektifu ya kweli, pembeni ya namba ya kukuza. Objektifu ya labo inaandikwaka 40/0.65. Wote tunasomaka 40. Mwenye kununua anapashwa kusoma 0.65.

Hesabu yake haiombi prof. Zidisha namba ile ya pili kwa 1000, na hiyo njo mwisho wa kukuza kwenye faida. 0.65 inakupeleka mara 650. Chini ya hapo unaona vitu vipya, juu ya hapo unavuta foto ya WhatsApp. Mu TP tulikuwa na objektifu 40 na okulari 10, ni mara 400, iko ndani ya mpaka. Ili mara 1200 iwe na maana, unaomba objektifu ya 1.25, ile ya kutia tone la mafuta kati ya lenzi na kioo. Objektifu hiyo peke yake inaweza kupita bei ya ile sanduku nzima ya plastiki. Basi ukikuta chombo cha dola 20 ao 30 kinachosema 1200, na ku lenzi zake hakuna namba ya pili hata moja, umeishajua.

Nisiwe mkali bure. Ile ya plastiki niliyojaribu na bunga, ku kukuza kwake kwa chini kabisa ilionyesha chembe sawa vumbi la bluu, nzuri kuangalia, na bawa la mbu lilitokea na nywele zake. Mutoto wa myaka 9 angefurahi. Lakini ukigeuza kwenda ku lenzi ya tatu, giza linashuka, gurudumu la kulenga linaruka, na ukigusa meza kila kitu kinatoroka. Pembe hazikuonekana. Kosa langu dhidi ya chombo hiki si kwamba ni dhaifu. Ni kwamba mwenye kukinunua anaambiwa na katoni kuwa amefika mwisho wa mambo, mara 1200, na macho yake hayaone kitu, basi anafikiri tatizo ni yeye. Minajua zaidi ya mutu mmoja aliyeacha hapo.

Ile ya kuchomeka ku ordinatere ao ku telefone, kamera ndogo yenye taa za kuzunguka, inaandikwaka 1000 ao 1600. Namba hiyo haina maana kabisa, juu inategemea ukubwa wa ekrani yako: foto ileile ukiitia ku televizyo ya jirani inazidi kukuza! Wanga haitaona. Lakini minaipenda kuliko ile ya kwanza, juu kazi yake ya kweli inaifanya vizuri: mdudu muzima, mbegu, kichwa cha kiwavi, jiwe la malakiti, na waya za telefone. Mutu anayependa mawe, na hapa kwetu ni wengi, anaweza kuishi nayo myaka. Aitwae sawa lupu yenye kamera, asahau hesabu ya ku karatasi.

Nakuja ku ile inayonipa mawazo mingi, Foldscope. Ni mikroskopi ya karatasi, unaikunja mwenyewe, na lenzi yake ni kidude kimoja kidogo sana cha mviringo. Manu Prakash na wenzake wa chuo cha Stanford, Marekani, waliitolea andiko mu 2014 ndani ya gazeti la sayansi PLOS ONE. Vipande vyake, walisema, havifikii dola moja. Uzito gramu 8.8. Inaingia mu mfuko wa shati, haiombi umeme, mutu anaweza kuikanyaga na bado inafanya kazi. Mu mji wenye delestaji sawa wetu, kitu kisichoomba umeme hakihitaji publisite.

Na wazo lenyewe ni la zamani na la heshima. Antoni van Leeuwenhoek, mu mji wa Delft, hakuwa na lisansi ya kitu chochote. Alikuwa mwuza vitambaa. Alikuwa anatengeneza lenzi moja ndogo, anaifunga kati ya vibati viwili, anaisogeza karibu kabisa na jicho. Na chombo hicho mu 1676 aliandikia Royal Society ya London barua juu ya viumbe vidogo alivyoona ndani ya maji. Moja ya zile zilizobaki, iko Uholanzi mu Utrecht, inakuza karibu mara 270. Mutu wa furaha yake, nyumbani kwake, na lenzi moja nzuri. Hiyo njo jibu ku mwenye kusema kama mikroskopi ni ya wenye blouse ya labo tu.

Sasa upande mwingine. Lile andiko la 2014 linasema kama muundo huu unaweza kupita mara 2000. Ile inayouzwa kwa watu ni ya mara 140, na inatenganisha karibu mikroni 2. Watengenezaji wanaiandika wazi, sina neno nao hapo. Lakini kila mutu anayenisifia Foldscope ananitajia 2000, na hakuna aliyekwisha kushika ile ya 2000 ku mkono. Katoni imerudi, mara hii ndani ya kinywa cha watu wenye masomo.

Ku bunga, hukumu yangu ni hii: inaona. Chembe zinatokea moja moja, bluu, safi kuliko ile ya plastiki ya 1200. Kati ya mahindi na muhogo unaweza kusema tofauti ukiwa na subira na mwangaza mzuri wa saa ine ya asubuhi. Kengele inaonekana ku zile kubwa, ku zile ndogo unabahatisha. Ni kazi ya 140 dhidi ya 1200, na 140 inashinda. Mbaya wake ni mwili: unaisogeza mupaka nyusi zinagusa karatasi, mwenye miwani anateseka, mkono ukitetemeka kidogo chembe inatoka mu dirisha na kuirudisha ni bahati. Kuonyesha mwenzako kile ulichoona, haiwezekani mupaka ufunge telefone. Na kuhesabu, kupima, kuchora, ile sehemu ya pili ya furaha, inachosha haraka.

Kisha kuna neno la malaria. Kuna watu wanasema kama karatasi hii itapima malaria mu vijiji. Tuwe na adabu na ugonjwa. Vimelea vya malaria ndani ya chembe ya damu, mu umri wake wa pete, ni mikroni 2 hivi, yaani palepale chombo cha kuuzwa kinapoishia kutenganisha. Labo inatumia objektifu ya mafuta na dawa ya Giemsa, na mutu aliyefunzwa. Hata ku kitu kikubwa mambo hayakuwa mepesi: mu Ghana walijaribu Foldscope iliyofungwa ku telefone kutafuta mayai ya bilharzia mu mikojo ya watoto wa masomo, wakachapisha mu 2015. Mayai yale yanapita mikroni 100, ni majitu. Chombo kilikamata kidogo zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa. Watafiti wenyewe hawakuficha. Ku mutu wa furaha yake, nusu ni sawa: hauoni leo, utaona kesho. Ku mutoto anayekojoa damu, nusu si kitu.

Minasema hivi juu Foldscope imeanza kuwa jibu la ulizo ambalo halikuulizwa. Mutu akisema mikroskopi za masomo zimekufa, taa zimeungua, banafunzi 60 wanapita mbele ya chombo kimoja kwa sekunde kumi kumi, kuna mwenye kujibu: lakini siku hizi kuna ile ya karatasi, ya dola moja. Apana. Ya karatasi ni ya mfuko wangu, ya kutembea nayo ku shamba. Agronomi aliyemaliza bila kuangalia chembe ya kutu ya majani mara 400, mwenyewe, kwa dakika ishirini, ana deni ambalo chombo cha karatasi hakilipe. Kitu kizuri hakipashwi kutumiwa sawa kisingizio.

Kwa hiyo mwenye dola 100, ao mwenye kuziweka kidogo kidogo, afanye nini? Ku duka za intaneti mikroskopi ya mwanafunzi yenye objektifu za kioo inaanziaka karibu na bei hiyo. Ongeza usafiri, juu ni chuma, na ongeza duane. Wengi wetu tuna shangazi ao kaka anayekwenda Dubai ao Guangzhou kwa biashara, ao anayepita Kasumbalesa kila wiki. Njo njia yenyewe. Lakini yeye atauliza duka "ile inakuza sana", na muuzaji atamupa 2000 na okulari ya 25. Mutumie message na maneno haya tu: objektifu za chuma na kioo, 4/0.10, 10/0.25, 40/0.65, na ku 40 iandikwe pia 160/0.17. Ile 160 ni urefu wa bomba mu milimita, ni kipimo ambacho viwanda vingi vimetumia miaka mingi, kwa hiyo lenzi ikivunjika, mara nyingi unaweza kupata ya kiwanda kingine inayoingia. 0.17 ni unene wa lameli, kile kioo chembamba cha kufunika. Usifunike na kipande cha kioo cha dirisha, 40 itakataa kulenga. Ya 100 ya mafuta, acha. Utakuja kuinunua siku utakapojua juu ya nini unaitaka.

Chini ya meza ya chombo angalia kama kuna kondensa yenye kidirisha kinachofunguka na kufungwa. Watu wanakisahau kitu hiki, lakini bila chenyewe chembe za wanga na maji ya dimbwi zinakuwa kioo juu ya kioo, hauoni mpaka wake. Minapenda 40 ya wastani yenye kidirisha kizuri kuliko 40 ya bei bila kidirisha. Mwangaza: taa ya LED inayokula volti 5, sawa ya telefone, utaiwasha na power bank SNEL ikikata. Kioo cha kugeuza kinachokamata jua la dirisha nacho ni kizuri, basi usikizarau juu ni cha zamani. Zile za balbu nzito ya 220, umeme wetu utaila.

Kuna pia zile za okazyo, zinazotoka ku labo na dispanseri zilizofungwa. Chuma chake ni cha wazee, na bei inasemezanwa. Toa okulari, angalia ndani ya bomba kuelekea dirisha: ukiona nyuzi sawa za buibui ndani ya lenzi, ni ukungu wa mvua za myaka mingi, rudisha. Zungusha gurudumu: grisi iliyokauka inatengenezeka, meno yaliyovunjika apana. Wenzetu wa Tanzania wanaiita hadubini, jina zuri. Huku ku fundi sema mikroskopi ao atakuletea kitu kingine. Na mu masika iweke mu mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vidogo vya chumvi-chumvi vinavyokujaka ndani ya katoni ya viatu.

Ku bunga, chombo cha namna hiyo hakiachi ulizo. Mara 100 unaona uwanja muzima, mara 400 unaona pembe, kengele, na ku chembe za muhogo kile kidoti cha katikati. Ukichanganya bunga mbili sawa tunavyofanyaka ku chungu, unaanza kuzitofautisha moja kwa moja. Nilikaa hapo zaidi ya saa moja na sikuona muda unapita.

Lakini kuna mambo ambayo hata ya dola 1000 haitakupa, na agronomi anapashwa kuyasema mbele mkulima hajamuomba. Mozaiki ya muhogo inatoka ku virusi. Hakuna mikroskopi ya mwangaza itakayomuonyesha. Unaloweza kuona ni nzi mweupe anayembeba, na huyo lupu ya mara 10 inatosha. Kiwavi kilichoingia Afrika mu 2016 na kula mahindi yetu kinajulikana na alama ya Y iliyopinduliwa ku paji la uso, nayo lupu ileile. Tomati iliyonyauka ghafula ingali kijani: kata shina, litundike ndani ya glasi ya maji safi, na ukiona uzi wa maziwa unashuka, ni bakteria, na dawa ya ukungu iliyonunuliwa ilikuwa makuta ya bure. Hapo hakuna lenzi hata moja. Lupu nzuri ya kioo njo chombo cha kwanza ningenunua kama ningekuwa na dola 15 tu, na bado inabakia mu mfuko wangu siku zote.

Mwenye kuuliza aanze na nini, mvua zinakuja. Uyoga, ile tunaita bowa, utajaa pembeni ya barabara, na Haut-Katanga iko na bahati ambayo majimbo mengi hayana: kitabu kizima juu ya uyoga wetu wa kukula, cha De Kesel, Kasongo na Degreef, kilichotoka 2017 mu Kifaransa, na kinapatikana bure ku intaneti. Nunua uyoga mmoja mzima wa kichuguu, kata mguu, laza kofia juu ya kioo, funika na bakuli, lala. Asubuhi utakuta poda ya pinki iliyochora mistari ya chini ya kofia. Hayo ni maspora, kila moja karibu mikroni 7. Ya karatasi itakuonyesha kama ni chembe, ya 40/0.65 itakuonyesha umbo lake. Haitakuambia kama uyoga unaua. Hilo usilitafute ku spora peke yake, ulizia mama anayeuza, na hata yeye muulize mara mbili.